Enka, kisigino, magaga: jinsi ya kuitunza miguu nyumbani na kujua lini uende hospitali

Uwanja wetu wa ndondo una shimo karibu na kona ya kushoto. Kila mchezaji analijua, na kila msimu kuna anayelisahau. Msimu niliolisahau mimi, mguu ulijikunja kwa ndani nikasikia "tap!" kama kijiti kikavu, na kabla sijakaa vizuri pembeni waganga walikuwa wameshajaa. Mmoja alitaka kuunyoosha, wa pili alitafuta maji ya moto na chumvi, wa tatu alikuwa na dawa ya kuchua mfukoni. Nikawakubalia wote. Usiku ule enka ilivimba mpaka ile nundu ya mfupa ikapotea, na nilikaa nje wiki sita.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutazama miguu ya watu na kuuliza wataalamu, na kosa ninaloliona ni lilelile langu: haraka. Enka inakandwa siku ileile, magaga yanakwanguliwa kwa wembe asubuhi ya harusi, dawa ya fangasi inaachwa siku muwasho unapokoma. Dawa zenyewe wala si ghali. Kazi iko kwenye kujua kipi kinatangulia na kipi kinasubiri.

Enka imeteguka

Mara nyingi mguu hujikunja kwa ndani, wayo ukatazamana na mguu mwenzake, na uzito wote wa mwili ukaangukia upande wa nje. Kano zinazoshikilia mifupa ya upande huo huvutika au kuchanika. Ndiyo maana uvimbe huanzia mbele na chini kidogo ya nundu ya nje.

Swali la kwanza ni kama mfupa umevunjika. Vua kiatu na soksi mapema, maana uvimbe ukishakuja vitagoma kutoka. Halafu fanya hivi:

1. Kwa kidole gumba cha mkono, bonyeza mfupa wenyewe, si nyama. Anzia ncha ya chini ya nundu ya nje, ukipanda kwenye ukingo wake wa nyuma kama sentimita 6. Rudia kwenye nundu ya ndani.
2. Pitisha kidole kwenye ukingo wa nje wa mguu. Katikati ya kisigino na kidole cha mwisho kuna mfupa umetokeza. Ubonyeze. Kisha nenda upande wa ndani, bonyeza mfupa ulio mbele ya nundu, pale juu ya upinde wa wayo.
3. Simama utembee hatua 4. Kuchechemea si tatizo, mradi mguu uupokee uzito.

Ukiruka kwa maumivu mfupa unapobonyezwa, au hatua 4 zikakushinda pale uwanjani na zikakushinda tena baadaye, nenda ukapigwe eksirei. Utaratibu huu walitunga madaktari wa Ottawa, Kanada, ukachapishwa mwaka 1992 ili watu wasipigwe picha bila sababu, na hospitali nyingi duniani bado zinautumia. Hautoshi kwa mtoto mdogo, kwa mtu aliyelewa, wala kwa mwenye ganzi miguuni, kwa hiyo hao wapeleke tu. Na mguu uliopinda sura yake, wenye jeraha linaloonyesha mfupa, au wenye vidole vya baridi vilivyobadilika rangi, usiupime wala usiunyooshe. Ufunge ulivyo, mwondoke.

Kuna na ile ya nyuma. Mchezaji anachomoka kukimbia, anageuka kwa hasira akidhani kapigwa teke la kisigino, na nyuma yake hakuna mtu. Hiyo huenda ni kano kubwa ya kisigino imekatika. Akishindwa kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo, hospitali siku hiyohiyo.

Kama mfupa uko salama, siku tatu za kwanza ni za kuuacha mguu utulie. Lala ukiwa umeuinua juu ya mito miwili, uwe juu kuliko kifua. Funga bandeji ya kuvutika ukianzia karibu na vidole kwenda juu, ikaze zaidi chini kuliko juu. Vidole vikifa ganzi au kuwa vya baridi, legeza. Barafu iliyozungushiwa kitambaa iweke dakika 10 hadi 15, mara chache kwa siku, na ujue unatuliza maumivu tu. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeieneza mwaka 1978 ile kanuni ya kupumzika, barafu, kubana na kuinua, baadaye aliigeukia mwenyewe akisema barafu na mapumziko yaliyopitiliza yanaweza kuchelewesha kupona. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha wengi, na jeli ya diklofenaki ya kupaka husaidia bila kulisumbua sana tumbo.

Maji ya moto, kuchua na pombe viache katika siku hizo. Joto na mikono ya mkandaji hutanua mishipa midogo ya damu ambayo ndiyo kwanza inataka kuziba, na kinachofuata ni uvimbe kama ule wangu. Sina ugomvi na wakandaji. Bibi mmoja wa mtaani kwetu ana mikono ambayo mgongo wangu unaishukuru. Lakini enka mbichi si kazi yake.

Siku ya nne anza kuuamsha. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu, andika jina lako hewani kwa kidole gumba cha mguu, herufi kubwa, mara kadhaa kwa siku. Tembea kadiri maumivu yanavyoruhusu. Ukiweza kutembea bila kuchechemea, shika ukuta, panda kwa ncha za vidole vya miguu yote miwili na ushuke polepole, baadaye kwa mguu mmoja.

Halafu inakuja hatua ambayo karibu kila mtu anairuka. Wakati unapiga mswaki, simama kwa mguu ulioumia, sekunde 30. Ukimudu, fumba macho. Siku ya kwanza utayumba kama mlevi, na hiyo ndiyo habari yenyewe: ndani ya kano kuna mishipa ya fahamu inayoupa ubongo taarifa mguu umekaaje, na kano zikichanika taarifa inachelewa. Mguu unafika kwenye shimo kabla ubongo haujajua. Ndiyo maana enka iliyoteguka mara moja hupenda kurudia, na ndiyo maana dakika chache hizi kwa wiki sita hivi zina faida kuliko soksi ya kubana utakayoinunua. Usirudi uwanjani mpaka uweze kuruka kwa mguu huo mmoja mara 10 na kukata kona kwa kasi bila kuufikiria.

Kisigino kinachouma asubuhi

Mama lishe wa karibu na kituo chetu cha daladala huamka saa kumi alfajiri. Kwa miezi mingi hatua yake ya kwanza kutoka kitandani ilikuwa kama kukanyaga msumari. Akitembea kidogo maumivu yanapungua, jioni baada ya kusimama kutwa yanarudi. Sehemu moja aliambiwa ni gauti. Kwingine akapigwa picha, akaambiwa mfupa umeota, akaanza kuulizia upasuaji.

Dalili ya hatua ya kwanza ya asubuhi karibu kila mara inaonyesha utepe mgumu unaoanzia chini ya kisigino na kwenda hadi kwenye vidole, ambao ndio unaoshikilia upinde wa wayo. Umechoka. Wanaopata sana ni wanaosimama muda mrefu kwenye sakafu ngumu, walioongezeka uzito, wanaokimbia, na wenye misuli ya shavu la mguu iliyokaza. Mfupa ulioota kwenye picha usikutishe: watu wengi wanao na hawaumwi chochote.

Tiba inaanzia kitandani, kabla hujakanyaga chini. Kaa, weka mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole vyote, vivute kuelekea ugokoni. Kwa mkono mwingine gusa chini ya wayo: utausikia utepe umekaza kama uzi wa gitaa. Ndivyo unavyojua umeshika penyewe. Hesabu mpaka 10, achia, rudia mara 10. Fanya mara 3 kwa siku, ya alfajiri usiikose. Kisha simama ukitazama ukuta, mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka, kisigino kimekaa chini, uegemee mbele mpaka shavu la mguu livutike.

Wiki kama mbili zikipita, ongeza la kuujenga. Kunja khanga kuukuu au taulo, iweke ukingoni mwa ngazi, vidole vikae juu yake vikiwa vimeinuka, visigino vining'inie. Panda taratibu kwa sekunde 3, kaa juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Mara 12, pumzika, tena, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Jioni zungusha chini ya wayo chupa ya maji iliyogandishwa.

Hayo yote yatapotea bure kama mchana kutwa uko na ndala zilizokwisha, umesimama juu ya sementi. Mama lishe wetu alitafuta raba za mtumba zenye soli nene, na pale anaposimama akapanga maboksi yaliyokunjwa na kapeti juu yake. Ilimchukua miezi mitano. Wengi hupona ndani ya mwaka bila kukatwa wala kudungwa. Sindano ya steroidi kisiginoni hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini ikirudiwarudiwa inaweza kuukata ule utepe, kwa hiyo usiikimbilie. Mwone daktari mapema kama kisigino kinauma hata ukiwa umelala, kimevimba na una homa, au wewe ni mkimbiaji na kukibana pande zote mbili kwa viganja kunauma: huo huenda ni ufa kwenye mfupa. Na kijana mwenye visigino viwili vinavyouma pamoja na mgongo unaokakamaa kila asubuhi, aeleze yote mawili kwa pamoja.

Fangasi katikati ya vidole

Angalia kwanza kati ya kidole cha mwisho na jirani yake. Ngozi imekuwa nyeupe, laini, kama imelowekwa, ukiivuta inabanduka na chini pana wekundu. Inawasha zaidi ukivua soksi. Huwapata bodaboda wakati wa masika, wanafunzi wa bweni wenye jozi moja ya viatu, walinzi wa buti, na wanaotawadha kisha kurudisha soksi vidole vikiwa na maji.

Osha miguu kwa sabuni, kausha kila uwazi kati ya vidole kwa kitambaa ambacho ni cha miguu tu. Paka krimu ya klotrimazole asilimia 1 mara mbili kwa siku kwa wiki 4, ukivuka kidogo mpaka wa ngozi inayoonekana mgonjwa. Ukipata terbinafini, kwa kawaida wiki 1 hadi 2 zinatosha. Ile dawa ya kupaka ya kizamani, Whitfield, nayo inafanya kazi pale penye ngozi kavu inayopukutika, ila kwenye ngozi iliyochubuka itakuchoma mpaka ulie. Siku ya tano muwasho utakoma. Hapo ndipo watu wengi wanafunga kopo, na mwezi ujao wanasema dawa ilikuwa feki.

Soma boksi kabla hujalipa. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi kama betamethasoni au klobetasoli ndani hupendwa kwa sababu zinazima muwasho siku moja. Zinaudanganya mwili usipigane, fangasi anaenea chini kwa chini, na siku ya kumtambua anakuwa hana hata sura yake.

Soksi za pamba, badilisha kila siku. Viatu vianike juani ulimi ukiwa umefunguliwa, na kama una jozi mbili zipe zamu. Kucha zilizonenepa na kuwa njano ni habari nyingine: krimu hazipenyi, huhitaji vidonge vya miezi kama mitatu kwa kucha za miguu, na daktari atataka kwanza kujua hali ya ini lako.

Na wale vijana wenye kikapu cha rangi za kucha wanaopita mtaani: wanafanya kazi nzuri, lakini tazama beseni. Maji yaleyale, jiwe lilelile, brashi ileile, kutoka mguu wa jirani kuja wako. Nunua jiwe lako na kikata kucha chako, mpe avitumie. Hakasiriki.

Magaga

Ngozi ya wayo haina tezi za mafuta kama ngozi ya sehemu nyingine. Ikikauka na kunenepa, halafu ukaikanyagia uzito ndani ya kandambili zisizoshika kisigino, inapasuka. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Sugua kwa jiwe bila kukamia, hata kama bado kuna kigumu kimebaki. Futa kidogo ili ngozi ibaki na unyevu, na hapohapo paka mafuta ya mgando kwa wingi, vaa soksi za pamba, lala. Fanya kila usiku kwa wiki mbili, baadaye mara mbili tatu kwa wiki. Krimu yenye yurea asilimia 20 hadi 25 ni bora kuliko mafuta kama mfuko unaruhusu.

Wembe hapana. Ngozi iliyokatwa hujibu kwa kunenepa zaidi, na mkono ukiteleza umefungua mlango wa vijidudu. Magaga yanayotoa damu au usaha, au ngozi ya wayo mmoja tu inayopukutika unga mweupe kwenye mikunjo, si ukavu peke yake. Hiyo ya mguu mmoja mara nyingi ni fangasi.

Ukucha unaoota ndani, malengelenge, funza

Kucha za miguu zikatwe moja kwa moja, pembe zisichimbwe. Kidole gumba kikianza kuuma pembeni, loweka kwenye maji ya uvuguvugu mara mbili tatu kwa siku, pachika kipande kidogo cha pamba safi chini ya pembe ya ukucha kuuinua, na vaa viatu vya wazi. Ukiona usaha au nyama iliyoota, nenda zahanati.

Lengelenge dogo liache, ngozi yake ndiyo bandeji. Kubwa linalokuzuia kutembea litoboe pembeni kwa sindano iliyochemshwa, toa maji, usiibandue ngozi, funika.

Funza asitolewe kwa pini inayozunguka nyumba nzima, maana pini hiyo hubeba magonjwa kutoka damu hadi damu, na kidonda chake ni njia ya pepopunda. Osha mguu kwa sabuni, mtoe kwa sindano safi ya mtu mmoja, au nenda kituo cha afya, na uulizie chanjo ya pepopunda. Sakafu ya vumbi nyunyizia maji kabla ya kufagia. Mdudu huyu si wa kwetu hata kidogo: alitoka Amerika ya Kusini, akashuka Angola mwaka 1872, akafuata misafara mpaka pwani yetu kabla karne haijaisha.

Kama una kisukari, anzia hapa

Karibu kila nilichoandika juu kinabadilika kwa mwenye kisukari, kwa sababu maumivu, ambayo ndiyo mlinzi wa mguu, huenda yameondoka. Mtu anatembea na kijiwe ndani ya kiatu tangu asubuhi, jioni anakuta soksi ina damu. Madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Dk. Zulfiqarali Abbas, wameandika visa vya wagonjwa walioguguniwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala, wasisikie. Kama nyumba yenu ina panya, lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro.

Kila usiku tazama miguu juu, chini na kati ya vidole. Usipoweza kuinama, weka kioo sakafuni au mtoto apige picha kwa simu. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Maji ya kuogea yapime kwa kiwiko cha mkono, kwa mguu hapana. Usiote moto jikoni ukiwa umenyoosha nyayo. Usitembee peku hata chumbani. Sugu usizikate mwenyewe, wala usipake dawa za kuziunguza. Mafuta paka, lakini si kati ya vidole. Kidonda chochote, hata kidogo kisichouma, kipeleke kituo cha afya kesho yake, usisubiri kiwe kidonda ndugu. Na siku ya kliniki vua viatu hata kama hujaambiwa, umwombe mhudumu akupime kwa ule uzi wa nailoni: anaugusisha kwenye wayo ukiwa umefumba macho, unasema umesikia au hujasikia. Inachukua dakika chache.

Viatu

Nunua jioni, wakati miguu imetanuka, na pima ukiwa umesimama. Mbele ya kidole kirefu pabaki upana wa kidole gumba cha mkono. Kiatu kizuri cha kutembelea hujikunja pale vidole vinapojikunjia. Kikijikunja katikati kama chapati, kiache. Cha mtumba kigeuze uone soli: kama kisigino kimelika upande mmoja tu, mwenye kiatu wa kwanza amekuachia mwendo wake.

Mimi hutembea na karatasi. Simama juu yake peku, mtu akuchoree umbo la mguu kwa kalamu iliyosimama wima, ukate. Ukifika sokoni iweke juu ya soli ya kiatu unachokitaka. Muuzaji atacheka na kuwaita wenzake waje waone. Karatasi ikizidi kiatu pembeni hata kidogo, kirudishe kwenye lundo, hata kama bei imeshuka mara tatu wakati unapima.